Masika ya Jasho Letu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kituoni Kwa Mathias ili niandike dakika. Ndiyo kazi yangu sasa: natumiwa sauti za watu waliohojiwa, nazisikiliza, nachapa kila neno, nalipwa kwa dakika. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mchapaji wa shule moja ya binafsi hapa Kibaha. Desemba wakatuita watatu ofisini, wakatushukuru kwa utumishi wetu, tukarudi nyumbani na barua. Vidole havijui kwamba kazi imeisha. Dokta Ashrafu anayenitumia hizi sauti yuko Dodoma na sijawahi kumwona. Analipa pale mradi wake unapomlipa. Ya Januari bado.

Leo nimechapa dakika ishirini na sita, nikaziandika hapa, nikaona ukurasa umebaki mweupe, basi nikaendelea. Mvua imeanza mchana.

Jumanne, 4 Machi

Dakika thelathini na nane. Mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Stellamaris wa nyumba ya pili amekuja amejitanda khanga kichwani, maji yanamchuruzika, simu kaificha kifuani isilowe. Anauza vitenge kwa wauguzi, kwa kuwakopesha hadi mwisho wa mwezi. Tumekuwa majirani hapa Visiga miaka sita, na chumvi ikiniishia sigongi mlango mwingine zaidi ya wake.

Kanionyesha kundi la wasapu linaloitwa Jasho Letu. Unatumiwa video, unaitazama, unabonyeza kuipenda, unapiga picha ya skrini na kuirudisha kundini. Video tatu, elfu moja na mia tano. Nikamuuliza nani analipa. Alinipa simu niishike mwenyewe. Tukiwa hapohapo mkekani ujumbe wa hela ukaingia: elfu sita.

"Evance akisikia atanicheka," nikamwambia.

"Mwanaume anayetoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku atamcheka nani?"

Ijumaa, 7 Machi

Nimejiunga. Elfu nne na mia tano kabla chai haijapoa. Leo sikuchapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwonyesha Evance. Mume wangu ni mtunza ghala Dar, kazi yake ni kuhesabu katoni zinazoingia na zinazotoka. Alilisoma kundi lote huku anakula, polepole, kwa kidole kimoja.

"Hakuna anayelipa mtu kwa kutazama, Mama Eli," akasema. "Wanaolipwa ni wanaotazamwa."

"Mbona nimelipwa?"

"Hata samaki huanza kwa kupewa."

Nikaondoa sahani. Mtu wa katoni huyu, nilijisemea. Hela isiyokaa kwenye katoni haioni.

Ijumaa, 14 Machi

Meneja wa kundi anaitwa Juliana. Picha yake ni ya mwanamke aliyevaa suti, nyuma ya meza yenye maua. Amenipandisha Ngazi ya Fedha: unaweka laki moja, siku tatu unavuna laki na thelathini. Niliweka Jumanne. Leo nimezitoa kwa wakala Kwa Mathias, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Nimemnunulia mwanetu Elinipa viatu, nimempelekea kwa basi huko bweni Morogoro. Evance akauliza hela imetoka wapi. Nikasema Dokta Ashrafu amelipa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Bati la jikoni linavuja mahali pawili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa baba. Barabara ya Mlandizi imekuwa uji, nimefika Maneromango nikiwa na tope hadi magotini. Yuko peke yake tangu mama atutoke. Kijiji kizima wanamwita Mwalimu Thadeo, hata wale ambao hakuwafundisha. Miaka thelathini na minane ya chaki, na sasa ni mzee wa kanisa na mtunza sadaka. Alinichotea maji ya kunawa miguu, tukakaa barazani kumenya mihogo, nikamweleza.

"Huyo anayelipa," akauliza, "yeye anapata nini?"

Nikamjibu kwa maneno ya Meneja Juliana: kampuni kubwa zinataka video zao zionekane zimependwa, zinatoa hela, kundi linagawana. Baba akamaliza kumenya muhogo mzima.

"Wewe umezishika hela mkononi?"

"Nimezishika, baba."

"Basi zipo."

Akaingia ndani, akatoka na laki mbili kwenye bahasha ya kaki.

Jirani yake Bi Anifa alikuwa ameshafika, amekaa pembeni ya jamvi, amefunga, midomo mikavu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, mboni zimefunikwa na ukungu mweupe. Baba ndiye humsomea ujumbe ambao wanawe wanamtumia kwenye simu. Alinitambua kwa sauti.

"Mwana wa Mwalimu umetuletea mvua," akasema. Kisha akasikiliza habari za Jasho Letu hadi mwisho.

Jumatano, 26 Machi

Baba amevuna. Nimemtumia laki mbili na sitini, naye akapiga simu anacheka. "Uzee huu, mwanangu, na sijashika hata jembe." Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Anasema Bi Anifa na Mzee Khalfani, mwenye mikorosho nyuma ya nyumba, nao wanauliza. Nikamwambia wasubiri kwanza niione Ngazi ya Dhahabu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Majirani wametuletea pilau. Evance amekula, akasema mvua ya mwaka huu haina adabu.

Jumanne, 1 Aprili

Ngazi ya Dhahabu ni laki tisa. Nimeziweka zote, pamoja na ada ya Elinipa ambayo Evance aliniachia nikalipe benki. Siku tano zitarudi zimezaa, nami nitalipa ada kabla hajauliza. Juliana ameandika: Hongera dada Matilda, sasa umeamua.

Ijumaa, 4 Aprili

Akaunti imegandishwa kwa ukaguzi, wanasema, mpaka nilipe kodi laki moja na thelathini na tano. Nimelipa kwa hela ya chakula cha mwezi. Alasiri wakataka elfu themanini nyingine ya uthibitisho. Nimemuuliza Juliana zitafunguka lini. Alama mbili za buluu, hakuna neno.

Jumatatu, 7 Aprili

Nataka niiandike saa, nisije nikajidanganya baadaye. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mwanaume mmoja aliuliza kundini mbona hajalipwa tangu wiki iliyopita. Kabla sijamaliza kumsoma, akaondolewa. Hapo zikamiminika picha za risiti, watu wanashukuru, Mungu ni mwema, Jasho Letu oyee. Nilianza kuzikuza moja moja. Nimechapa mitihani miaka kumi na moja. Jicho langu huona kosa kabla halijasoma neno. Risiti ya leo ya mtu anayeitwa Monica ina namba ya muamala ileile ya risiti ya mtu mwingine ya tarehe nane Machi. Nikarudi nyuma zaidi. Risiti thelathini na moja, na ndani yake ni namba nne tu zinazozungushwa. Kwenye zote "umepokea" imeandikwa "umepokeya".

Mwezi mzima zilikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa naangalia kiasi tu.

Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba nilipolia sikuisikia sauti yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Juliana ameandika. Akaunti itafunguliwa Ijumaa nikileta wanachama wawili wapya, jumla yao isipungue laki saba.

Nilijua ni uongo. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nyuma ya kujua kulikuwa na kitu kidogo, hakifiki hata nusu ya imani, kinachosema huenda. Huenda watanipa changu ili niendelee kuwaletea watu. Nilikuwa napiga hesabu kama mwizi anavyompigia hesabu mwizi mwenzake. Ada ya Elinipa inadaiwa mwisho wa mwezi. Evance ataomba risiti ya benki. Nilizunguka chumba hiki asubuhi yote, nikafua shuka zilizokuwa safi.

Saa sita nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko inanyesha?"

"Inanyesha. Baba, wale wenzako bado wanataka?"

"Kila siku wananiuliza. Bi Anifa ana laki tatu na nusu zake za macho. Anasema mwezi wa sita anakwenda kupasuliwa, na hizo zikizaa kidogo atapata na ya kumweka mjukuu wa kumwongoza huko. Nikamwambia ngoja nimuulize Matilda kwanza."

Akanisubiri. Nyuma yake nilisikia jogoo. Nafasi ilikuwa pale, pana kama mlango. Neno moja tu: bado. Au: baba, nimeibiwa.

"Ni wakati mzuri," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

"Sawa. Nitawaambia wewe ndiye umesema."

Nikakata simu, nikatoka nje kuanua shuka. Nilipofika kwenye kamba nikakumbuka kuwa sikuzianika, zilikuwa bado kwenye beseni.

Ijumaa, 11 Aprili

Zimeingia. Laki tatu na nusu za Bi Anifa, na laki nne za Mzee Khalfani alizoziweka za kulipa vibarua wa kupalilia na kupulizia mikorosho. Zilikaa kwenye simu yangu robo saa. Robo saa nzima nilikuwa naweza kuzirudisha kwa vidole hivihivi.

Nimezituma kwa Juliana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeondolewa kundini. Namba ya Juliana haina picha tena.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Sikuchapa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baba amepiga baada ya ibada. Kanieleza kwaya zilivyoimba, nani amebatizwa, mto umefika wapi. Mwisho ndipo akasema, "Wenzangu wanangoja. Hizi siku tatu zimefika tisa. Ni sikukuu, siyo? Ofisi zimefungwa."

Alinipa uongo mkononi, tayari umeshamenywa.

"Ndiyo, baba. Ni sikukuu."

Alhamisi, 24 Aprili

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Stellamaris. Siku kumi nimeyaandaa, nikiosha vyombo, nikifagia maji uani. Leo nimeyabeba nikaenda nayo kwake.

Nilimkuta amekaa kitandani. Rafu ya vitenge ilikuwa tupu, kimebaki kimoja cha kijani kilichofifia ukingoni. Aliponiona hakuinuka.

"Wewe walikufungia lini?" nikamuuliza.

Akatazama ile rafu. "Tarehe nne, mwezi wa tatu."

Mlango wangu aliugonga tarehe sita.

"Na ile elfu sita iliyoingia mimi nikiwa nimeshika simu?"

"Walinitumia ili uione. Walisema nikileta mmoja watanifungulia." Akavuta khanga ikamfunika magoti. "Nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa na kazi nyingine. Nilijiambia hutaumia sana."

Maneno yote niliyoyabeba yalinihusu na mimi. Kila moja. Nilikaa kitandani karibu naye.

"Wakakufungulia?"

"Hapana."

Hakuniuliza mimi nimemleta nani. Nadhani aliona, kwa jinsi nilivyokaa bila kumpiga.

Jumatatu, 28 Aprili

Dokta Ashrafu amelipa. Januari na Februari kwa pamoja, laki nne na elfu kumi na mbili, na ujumbe: "Samahani sana kwa kuchelewa, dada Matilda. Kazi yako ndiyo safi kuliko zote tunazopokea." Huyu ndiye niliyekuwa namwita tapeli moyoni. Nimezipeleka zote shuleni kwa Elinipa. Hazikutosha.

Ijumaa, 2 Mei

Shule imempigia Evance kumkumbusha ada iliyobaki. Amerudi mapema, saa kumi jioni, akakaa kwenye stuli ya jikoni na viatu vyake vya tope. Nikamwambia. Nilimwambia karibu yote. Kwamba nilitapeliwa, kwamba watu wa baba nao wametapeliwa kupitia kwangu. Siku niliyojua sikumtajia.

Nilingoja afoke. Alikuwa anatazama pale bati linapovuja.

"Ile siku ya viatu," akasema, "uliniambia Dokta amelipa."

"Ndiyo."

"Ulinitazama usoni, Mama Eli."

Akainuka, akachukua sufuria, akaiweka chini ya tone, akatoka nje kuvua viatu.

Machi nilimwita mtu wa katoni. Miaka tisa kazini hajawahi kupoteza hata moja.

Jumatatu, 5 Mei

Evance atakuwa analala kwa mdogo wake Dar siku za kazi, ili kuokoa nauli. Atarudi Jumamosi. Jambo hili hatukulipatia jina lingine.

Alhamisi, 8 Mei

Polisi. Askari aliyeandika maelezo yangu hakuwa na dharau. Alichukua namba zote, akasema huwa zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu ambao hata hawajui. "Dada, nikikwambia hela zitarudi nitakuwa nimekudanganya na mimi." Kwenye benchi tulikuwa wanne, kila mtu na simu yake mkononi, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mmoja alikuwa amevaa sare ya uuguzi.

Sijafika barabarani ujumbe ukaingia: ofisi ya kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, nilipie elfu thelathini faili langu lifunguliwe. Wanajua jina langu, wanajua na kiasi nilichopoteza. Nani mwingine angejua kiasi? Nilisimama kando ya lami, malori yananirushia maji, kidole kipo juu ya simu. Kidole kilitaka. Aibu yangu ni kwamba kilitaka.

Nimeufuta. Ndilo jambo jema pekee nililofanya masika hii, na halikumsaidia mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Maneromango. Nilikuwa nimepanga kusema kwa mpangilio, kama ripoti. Baba alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikasema tu, "Baba, hela za watu hazipo."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Akalitupia kuku, wakaja, wakaliacha.

"Zote?"

"Zote. Ni matapeli. Nimekwenda polisi."

"Na mimi ile elfu sitini ya juu niliyopata. Ilikuwa ya nani?"

Sikuwa nimewahi kuifikiria.

"Ya mtu mwingine kama Bi Anifa," akajijibu. "Nilinunua nayo sukari na dawa ya kupaka miguu." Akatazama miguu yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia kama nimenawa mikono, "Siku uliponipigia, ukasema ni wakati mzuri. Ulikuwa umeshajua?"

"Hapana, baba."

"Mungu ashukuriwe," akasema.

Alikwenda kwa Bi Anifa peke yake, hakutaka niende. Niliwaona kwa mbali. Yeye alisimama, Bi Anifa amekaa kwenye kigoda, anatingisha kichwa taratibu. Hakulia. Afadhali angelia. Halafu baba akakata kona kwenda kwa Mzee Khalfani, na huko nilisikia sauti ya Khalfani peke yake kwa muda mrefu.

Aliporudi alisema atauza kipande cha shamba cha bondeni, kile alichokinunua na mama kwa kiinua mgongo chake, awalipe. Nikasema hili ni deni langu. Akasema, "Wewe walikuamini lini? Waliniamini mimi."

Jumatano, 14 Mei

Baba ameacha uzee wa kanisa. Kanieleza kwa simu kwa sentensi moja, kisha akauliza kama umeme upo. Amerudisha ufunguo wa sanduku la sadaka kwa mchungaji. Hakuna aliyemwomba aurudishe.

Jumamosi, 17 Mei

Evance hakuja. Ametuma hela ya unga.

Jumanne, 20 Mei

Dakika sitini na moja. Dokta Ashrafu ameniongezea kazi, wakulima wa kusini wanahojiwa. Kuna mama mmoja anaulizwa huwa anamwamini nani akitaka ushauri. Anacheka kidogo, anasema, wanangu. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikachapa: "Wanangu (anacheka)." Tumeagizwa kuandika na kicheko.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Barabara inaanza kushika, matope yamekauka na alama za magurudumu ndani yake.

Baba amepokea hela ya kwanza ya shamba, nusu. Kesho mchana anawaita Bi Anifa na Mzee Khalfani awape kila mmoja nusu yake, nyingine mnunuzi akimaliza. Akataka niwepo. Nusu haitoshi kumpasua Bi Anifa mwezi wa sita. Atangoja wa kumi na mbili, kama macho nayo yatangoja.

Njia nzima nilikuwa nimeamua. Nilimkuta amekaa barazani anachonga mpini wa jembe.

"Kesho nataka niwaambie ukweli," nikasema.

"Wameshaujua."

"Hawajaujua, baba. Wala wewe. Siku ile nilipokupigia nilikuwa nimeshajua. Siku mbili."

Kisu kilisimama. Hakukasirika, au kama alikasirika hasira haikufika usoni. Alionekana kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

"Siku mbili," akasema.

"Walisema nikileta wawili watanifungulia. Nilijua ni uongo, nikafanya hivyohivyo. Na nilipokuja hapa ukaniuliza, nikakudanganya tena."

Aliweka mpini chini. Alifuta vumbi la mbao kwenye suruali, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine. Mbuzi wa Mzee Khalfani walipita, wakarudi.

"Kesho usiwaambie," akasema.

Sikuamini. Huyu ndiye aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka saba, kilomita mbili, kwa sababu ya shilingi ishirini ya chenji iliyozidi.

"Baba, wewe ndiye ulinifundisha..."

"Najua nilichokufundisha." Hakupandisha sauti. "Bi Anifa anasema tuliibiwa wote watatu, yeye, mimi na wewe. Kwa hilo bado anakuja hapa. Ukimwambia ulijua, atalala anajiuliza kama na mimi nilijua. Mimi nina miaka sabini na mmoja, Matilda. Sina muda wa kuaminiwa upya."

Akauchukua mpini, akaendelea kuchonga, ukawa mwembamba mno, akautupa.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa Maneromango, kwenye meza ambayo baba alikuwa akisahihishia madaftari.

Kanisani leo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Watu walimsalimia. Baada ya chakula Mzee Khalfani akaja kwanza, halafu Bi Anifa, na mjukuu wake wa kike anamwongoza. Yule binti akarudi zake. Baba alikuwa ameandaa bahasha mbili na amevaa shati la kanisani bado.

Mzee Khalfani alifungua bahasha yake palepale, akahesabu noti kwa kulowesha kidole, akamaliza, akazigeuza, akahesabu upya. Baba alimtazama mpaka mwisho. Mzee Khalfani akasema sawa, akasema mikorosho mwaka huu atapulizia nusu, akaaga. Hakunisalimia alipokuja wala alipoondoka.

Bi Anifa hakuigusa ya kwake. Ilikaa kwenye jamvi mbele ya magoti yake.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina swali moja tu, kisha sitalirudia. Yule wa kwenye simu sikumwamini hata siku moja. Nitamwaminije mtu nisiyemwona wala kumsikia? Nilikuamini wewe, na wewe ukamwamini mwanao. Mwanao alijua?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua.

"Hakujua," baba akasema.

Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kumsikia baba akisema uongo. Alilitamka lile neno kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesimamishwa mbele ya ubao, silabi moja, kisha nyingine. Bi Anifa akageuza uso kuelekea ile sauti, akaendelea kuisikiliza hata ilipokuwa imenyamaza.

"Haya, Mwalimu," akasema.

Akapapasa jamvi, akaipata bahasha, akaitia kwenye upindo wa khanga. Nikainuka nimshike mkono. Akasema asante, njia anaijua. Alitembea ameunyoosha mkono mbele, polepole, hadi kwenye uzio wa minyaa, akaufuata kwa vidole hadi akapotea machoni pangu.

Baba aliendelea kukaa. Nilichemsha chai, nikamletea. Aliinywa yote, akaniwekea kikombe kwenye sinia, akanishukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mgeni.